Kwa Imali, Kuhusu Magoti Yangu

Khayega, Jumapili alasiri

Mwanangu Imali,

Umeenda kumuaga kukhu, nyanya yako, nami namjua: hatakuachilia kabla hujala ingokho, kuku wake wa wageni, na kuombewa mara tatu. Kwa hiyo nina nafasi. Mvua imeanza kama kawaida yake saa hizi, mabati yanapiga kelele, na Jumapili hakuna mteja wa kunisumbua. Nimeweka karatasi juu ya cherehani, mahali ambapo mkono wangu umezoea kufanya kazi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na miwili. Umesomea umeme chuoni Sigalagala, unapanda paa ambazo mimi naogopa hata kuzitazama, na kesho unakwenda Lodwar kufunga pampu za sola kwa watu ambao hujawahi kuwaona. Kama hujui kufunga mlango kufikia leo, barua haitakufunza.

Nataka kukusimulia habari za mwili wangu. Najua utashangaa. Umeishi na mwili huu tangu uwe ndani yake, na umeuona ukichechemea miaka mingi. Lakini uliona tu yale niliyokubali uone. Mengine nilikuficha, na kwa moja nilikukosea sana. Sitaki uondoke ukiwa na nusu ya habari.

Ilianza mwaka uliokuwa darasa la sita. Ilikuwa Januari, na unajua Januari ya fundi wa sare za shule: kila mzazi anataka sketi jana. Nilikuwa naketi tangu unapotoka kwenda shule hadi unaporudi, nimeinama, mguu juu ya kanyagio, shingo mbele. Asubuhi moja nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi yangu. Bega la kulia lilikataa kuinuka, na vidole vilikuwa vigumu. Wewe ndiye uliyenifunga vifungo. Ukaniuliza, “Mama, unaumwa?” Nikakuambia nimelalia mkono vibaya.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Niliogopa wateja wakisikia fundi anasumbuliwa na mkono wake, watahamia kwa fundi mwingine. Lakini wewe hukuwa mteja. Nadhani nilirithi. Mama yangu alikuwa akipanda kilima cha mto na mtungi kichwani huku ameuma midomo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kinachomuuma. Sisi watoto tulidhani ndivyo uso wake ulivyo.

Baada ya bega yakaja magoti. Kuinuka kwenye kiti ikawa shughuli. Kuchutama bustanini ikawa haiwezekani. Nami nikaanza kuuliza watu sokoni, kidogo kidogo, kana kwamba naulizia mtu mwingine. Mama wa vitunguu akasema ni baridi ya mvua imeingia kwenye mifupa. Fundi viatu akasema ni jongo, ule ugonjwa wa wala nyama, ingawa nyama nilikuwa naiona Krismasi. Mwingine akasema ni uzee, na nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Jambo linalonishangaza hadi leo ni hili: katika soko zima la Khayega, hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia, “Sijui.”

Nikafuata maneno yao yote. Kwa sababu ya jongo nikaacha nyama. Mtu akaniambia maharagwe nayo ni sumu ya viungo, nikaacha maharagwe. Kisha mayai, kisha njugu, kisha nyanya. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba nyumbani kwetu ni obusuma, ugali mtupu, na kabichi ya kuchemsha? Ulidhani tumeishiwa. Kumbe nilikuwa natafuta adui ndani ya sufuria. Na chai! Chai sikuiacha, vijiko vinne vya sukari, kwa sababu hakuna aliyeisema vibaya.

Na vidonge. Vya maumivu, vya kununua dukani bila kuandikiwa na daktari. Mwanzo kimoja siku za sare nyingi. Kisha kimoja kila asubuhi. Kisha nikavimeza kama watu wanavyotafuna karanga, mara nyingi tumbo likiwa tupu, na nilivificha ndani ya kopo la vifungo. Mkono ulikuwa unainuka, sketi zilikuwa zinamalizika, nami nikajiambia nimepona.

Sasa nafika kwenye lile nililokukosea.

Ulikuwa unampenda sana senje yako Truphosa, dada ya baba yako. Kila ukitoka shule ulipitia kibandani kwake sokoni, akuachie uchambue omena, wale samaki wadogo, na akupigie hadithi. Siku moja Truphosa aliniletea njugu za kukaanga, ungo mzima, maana alisikia sili vizuri. Nikazila zote, maana nilikuwa na njaa ya miezi. Kesho yake goti la kulia likaamka limevimba. Nilikuwa nimelima siku ile ya njugu kuanzia asubuhi hadi mchana, shamba lote la nyuma, lakini hilo halikunijia akilini hata kidogo. Mwanamke mmoja aliyekuja kupimwa nguo alitazama goti, akauliza nimekula kwa nani, kisha akanyamaza kwa namna ile ya watu wanaotaka umalizie mwenyewe.

Nikamalizia: nimerogwa. Nilikuambia usikanyage tena kwa Truphosa.

Ulisimama pale mlangoni na sare yako, ukaniuliza, “Kwa nini?” Nikasema kwa sababu nimesema. Ukauliza tena, taratibu, wala hukuwa na jeuri: “Lakini Mama, umejuaje kwamba ni njugu?”

Nikakuzaba kofi. Nikasema, “Mtoto hamuulizi mamake hivyo.”

Imali, lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika nyumba hii mwaka ule. Hata madaktari walipokuja kuniuliza baadaye, waliuliza hilo hilo: umejuaje? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ulikuwa umeona tundu ambalo mimi sikutaka kulitazama. Hukuniuliza tena chochote kuhusu magoti yangu. Kwa muda mrefu nilidhani ni adabu.

Baba yako alikuwa akifundisha Matete, anarudi Jumamosi. Nilipomwambia, alivua viatu, akasema, “Huyo ni dada yangu, na huyu ni mke wangu. Sina la kusema ambalo halitaumiza mtu.” Nilimkasirikia kwa kutonichagua. Leo naona alikuwa ananipa nafasi ya kujirudi mwenyewe, nami sikuitumia.

Miaka mitano, mwanangu. Miaka mitano nilipita kibanda cha Truphosa nimegeuza uso. Naye alikuwa akisema kila mara, “Umeamkaje, mke wetu?” Mimi napita.

Siku niliyoanguka ulikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Uliambiwa mama amepatwa na vidonda vya tumbo, na hiyo ni kweli, lakini hukuambiwa ilivyokuwa. Nilikuwa kwenye cherehani sokoni. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa likiwaka. Nikatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye chengachenga kama kahawa iliyosagwa. Nikajaribu kusimama, nikaona kanga zilizoning'inia mbele yangu zikiondoka zenyewe, na baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipopata fahamu nilikuwa juu ya boda boda, nimebanwa katikati. Mbele dereva, nyuma mtu amenizungushia mikono na kunikaza kifuani. Nilisikia harufu ya omena. Nikajua ni nani kabla ya kumwona.

Alikuwa ameacha omena wake juani, bila mtu wa kuwalinda.

Hospitalini daktari alisema vile vidonge vimenichubua tumbo mpaka likavuja damu, na kwamba ningechelewa siku moja, tungekuwa tunazungumza mengine. Akanikataza kuvigusa tena. Nikamwambia, basi magoti yataniua. Akanichukua damu, akanipiga picha za eksirei. Siku tatu baadaye akaniambia si jongo. Si ule ugonjwa mwingine unaokunja vidole. Magoti yameanza kulika kidogo, bega limekakamaa kwa kutotumika vizuri, na misuli imenyauka. “Nenda kwa watu wa fiziotherapia,” akasema, “wakufundishe kuutumia mwili.”

Nikuambie ukweli? Nilisikitika. Nilitaka ugonjwa wenye jina kubwa. Nilikuwa nimemtenga senje wa mtoto wangu kwa ajili yake. Sasa naambiwa misuli imenyauka?

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa ujia, na aliyekuwemo alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa dada yako mkubwa. Jina lake Nafula. Nilimwita daktari, akasema nimwite Nafula. Akaniuliza, “Mama, unaumwanga wapi?”

“Kila mahali.”

“Kila mahali ni mbali. Tuanzie wapi?”

Sikuwa nimewahi kuulizwa maswali mengi hivyo maishani. Ni asubuhi au jioni? Ukipanda kilima au ukishuka? Ukiamka, inachukua muda gani kulainika? Kisha akavuta kiti akasema, “Nionyeshe unavyokaa ukishona.” Nikakaa, nikainama juu ya cherehani isiyokuwepo, nikakanyaga kanyagio ya hewa. Akanizunguka polepole akinitazama mgongo, shingo, nyonga. Mimi ndiye huwazunguka watu na futi yangu ya kupimia. Sikujua inavyokuwa kwa anayezungukwa.

Pembeni pale kulikuwa na mifupa ya mtu, ya plastiki, imetundikwa kwenye chuma. Nilikuwa naitazama kwa pembe ya jicho. Nafula akaona. “Mshike, Mama. Haumi.”

Nikashika goti lake. Nikasogeza ile pia ya goti, ikacheza. Nikauliza, “Hii inashikwa na nini? Mbona haianguki?”

“Inashikwa na misuli ya paja. Paja likilegea, goti linabeba mzigo lenyewe.”

Imali, nimepima mapaja na viuno na mabega ya watu wa Khayega kwa zaidi ya miaka ishirini. Najua nani bega lake moja liko chini, najua nani anatembea amekunja nyonga. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kilichomo ndani kinashikana vipi. Nilisimama pale nikishika goti la plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu uwe darasa la sita, sikuogopa goti langu. Nilitaka kulijua.

“Kwa hiyo nimeharibika?” nikamuuliza.

“Yamelika kidogo, kama ya watu wengi. Lakini kuuma si lazima iwe kuharibika zaidi. Likiuma kidogo ukitembea, halivunjiki. Tutaliuliza polepole linaweza nini.”

Usidhani nilikuwa mwanafunzi mwema. Zoezi la kwanza lilikuwa kusimama kutoka kitini bila kushika kitu, kisha kuketi. Kumi. Niliweza tatu, nikakasirika. Nilikuwa nimetarajia mashine, au mafuta na kukandwa. Nimetoka Khayega nije kusimama na kuketi? Hata kanisani nasimama na kuketi! Jumamosi nikamwambia baba yako, “Hebu fikiria, wamenifundisha kusimama.” Akaniuliza, bila hata kutabasamu, “Na sasa unajua?”

Sikurudi kwa Nafula wiki mbili. Kisha, kwa hasira tu, nikafanya arobaini kwa mpigo, nimwonyeshe. Kesho yake sikuweza kushuka kitandani. Nikaenda kwake nikijikokota, tayari kumlaumu.

“Ulifanya ngapi?” akauliza.

“Kumi.”

Akanisubiri.

“Arobaini.”

“Asante kwa kuniambia,” akasema. “Sasa tunajua arobaini ni nyingi.”

Hakunigombeza! Sijui kama unaelewa jinsi lilivyoniingia hilo. Mimi nilijua namna moja tu ya kupokea jibu baya, nayo ilikuwa kofi au kimya. Yeye alilipokea kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiihitaji.

Akanipa daftari. Kila jioni niandike nilifanya nini siku hiyo na kwa muda gani. Asubuhi niandike viungo vimeamkaje. Uliliona lile daftari, ulidhani ni la vipimo vya wateja. Nikaandika miezi miwili. Nilikuwa na hakika litathibitisha maneno ya mama wa vitunguu, kwamba adui ni mvua, na mwanzo likathibitisha kweli: siku za mvua kubwa, kesho yake magoti mabaya. Nikampelekea Nafula nikijivuna.

Akasoma, akaniuliza, “Siku za mvua unafanyanga nini?”

“Nashona. Wateja hawaji.”

“Unasimama mara ngapi?”

Nikahesabu. Siku za jua wateja wananiita, nainuka, napima, nakata kitambaa nimesimama, naenda kutafuta zipu kwa jirani. Siku za mvua naketi kwa saa nne mfululizo bila kuinuka hata mara moja. Nafula akasema, “Mvua yenyewe sijui, hata wataalamu wanabishana juu yake. Lakini namna unavyokaa tunaweza kuibadilisha.”

Akasema “sijui”, na nikamwamini kuliko wote waliojua. Tangu siku hiyo, nikimaliza kila vazi nainuka, nazunguka cherehani, nainua mikono ukutani. Pia nilipandisha meza kwa vipande vya mbao, kwa hiyo shingo hainami tena. Ndiyo maana cherehani yangu iko juu kuliko ya mafundi wote, si majivuno.

Mtaalamu wa lishe alikuwa chumba cha pili, mama mnene mcheshi. Nikamtajia vyote nilivyoacha. Akaweka kalamu chini. “Sasa wewe unakulanga nini?” Nikamwambia. Akasema misuli haijengwi kwa chai na kabichi. Nirudishe maharagwe, mayai, njugu, na mboga zetu za mrenda na saga. Nipunguze obusuma kidogo na sukari sana. Na nipate samaki, hata wadogo. “Chakula hakitarudisha goti lililolika,” akasema, “lakini misuli inayolishika inataka kula.” Sukari ilinishinda kwa muda. Vijiko vinne vikawa vitatu, vikarudi vinne, mwezi wa tatu vikawa kimoja. Njugu nilizila siku ya kwanza moja moja, nikalala nikisubiri goti livimbe. Halikuvimba. Nilikaa kitandani asubuhi ile nikilitazama goti langu zima, nikalia. Nililia kwa ajili ya Truphosa, na kwa ajili ya shavu lako.

Nikaenda kibandani kwake. Nilikuwa nimesimama pale nikiokota maneno, yeye akapanga mafungu yake kama hanioni. Mwishowe akasema, “Mke wetu, unataka omena ama unataka nini?”

“Nataka unisamehe.”

“Hiyo haipimwi kwa kopo la gorogoro.”

Nikamwambia yote, njugu, goti, maneno ya yule mwanamke, maneno yangu kwako. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, “Ya uchawi ningeweza kucheka. Lakini mtoto uliniondolea akiwa ananifika kifuani, sasa ananipita kimo. Hiyo utanirudishia na nini?”

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu nilipoanguka: “Basi kwa nini ulinibeba?”

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. “Ulikuwa umelala chini. Ningeanza kuuliza nani alimkosea nani?” Akanifungia omena. “Nenda upike. Mengine yatakuja yakitaka.”

Hayakuja upesi. Likizo iliyofuata nilikutuma kwake, ukaenda ukiburuta miguu, ukarudi jioni umenuka omena na hukuniambia mlichozungumza. Sikuuliza. Kwangu mimi alibaki na salamu tu, basi. Karibu mwaka ukapita hivyo. Halafu siku moja akaja hapa, akasimama mlangoni, akafunga na kufungua leso yake. “Hiyo ya kiti,” akasema, “ile ya kusimama na kuketi. Unafanyaje? Langu la kushoto nalo limeanza.”

Nikavuta viti viwili. Alifanya mbili, akasema huyo Nafula ni mkatili, tukacheka hadi jirani akaja kuchungulia. Tangu hapo umetuona mwenyewe tukifanya uani, wazee wawili tukisimama na kuketi kama watu wasioweza kuamua. Sasa unajua ilivyotoka mbali.

Sitaki uende ukidhani nimepona kabisa. Goti la kulia bado hunikumbusha nikishuka mteremko wa mtoni. Mwezi wa nne bega lilikakamaa tena wiki nzima, na nilijikuta nimesimama mbele ya duka la dawa, nikisoma tangazo la mlangoni mara tano. Nikarudi nyumbani nikafungua daftari. Kumbe nilikuwa nimeacha mazoezi tangu Pasaka kwa sababu nilijisikia mzima. Hilo nalo linanishangaza: jinsi tunavyoacha kitu kwa sababu kinafanya kazi. Lakini Desemba kwenye harusi ya binamu yako, ngoma za isukuti zilipoanza, niliingia uwanjani nikatikisa mabega yote mawili, na nilikuona umesimama karibu na hema ukijifuta macho kwa kiganja. Ulidhani sikuona.

Nimefika mahali ambapo nimekuwa nikizunguka tangu nianze kuandika.

Saa sita leo uliniachia begi lako nikukazie mshipi uliofumuka. Nililigeuza nipate mshono wa ndani, na mfuko mdogo wa pembeni ukafunguka. Vidonge vikaangukia mapajani mwangu. Vilevile vyangu, rangi ile ile, na karatasi zake tatu tayari tupu.

Nimevirudisha vilipokuwa. Sijamwambia baba yako. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa hasira, nikuite, nikuulize umefundishwa na nani. Kisha nikajijibu. Umefundishwa na mimi. Nilikufunza kwamba mwanamke anayefanya kazi humeza na kunyamaza, na kwamba katika nyumba hii, anayeuliza hupigwa.

Nisamehe lile kofi, Imali. Nilipaswa kuliandika neno hili miaka kumi iliyopita.

Sasa nina maswali, na hakuna hata moja lenye jibu baya. Ni kubeba zile sola juu ya ngazi, au ni mabomba? Ilianza Sigalagala kwenye mafunzo, ukaogopa wale wavulana watasema umeshindwa? Inakuuma ukiinua au ukishusha? Usiku inakuamsha? Unakula nini kabla ya kumeza? Tumbo limewahi kukuchoma? Hili la mwisho lijibu leo, hata kama mengine hutaki, maana likikuchoma tunaanzia kwa daktari kabla ya Lodwar, na kazi itasubiri.

Mshipi nimeushona mara mbili, hautafumuka. Barua nitaiweka katika mfuko ule ule mdogo, juu ya vidonge, ili uikute kabla hujakifikia kingine.

Mvua imekatika na nasikia mbwa wa jirani, huenda ni wewe unakuja. Nitakuwa jikoni nachambua mrenda. Vuta kigoda, uketi. Huna haja ya kueleza mengi, sitashtuka, wala sitakutangulia kujibu. Niambie tu kwanza, ni upande gani unaokuuma?

Mimi, mama yako